BALETI UKUBWANI: JINSI YA KUJIANDAA KWA SOMO LA KWANZA

Na Mlezi wa Chama cha Kiswahili

Najua umekiona kichwa cha makala haya ukashtuka. Mlezi wa chama, mtu wa ngeli na mashairi, na baleti wapi na wapi? Tulia kitako nikupashe. Wahenga walinena kwamba elimu haina mwisho, nasi walimu tunalipenda sana neno hilo, hasa tunapowaambia wengine.

Mambo yalianza muhula wa pili mwaka jana. Chama chetu kilikuwa mbioni kuandaa ukariri wa mashairi. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, mwenye sauti nyororo kama kinanda, alisimama mbele ya gwaride asubuhi, akaghani ubeti wa kwanza vizuri kabisa. Ubeti wa pili ukamponyoka. Alisimama pale akipepesa macho, na shule nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo alikataa katakata kupanda jukwaani. Nilimwita majilisini nikamhutubia: "Usijali kuchekwa, mwanangu. Kukosea ndiko kujifunza." Alinisikiliza mikono ikiwa nyuma, kisha akauliza kwa adabu, "Samahani Madam, kwani wewe ulichekwa lini mara ya mwisho?"

Nilifungua kinywa nimjibu, neno likakataa kutoka. Nina umri wa miaka 43. Nimefundisha somo lilelile kwa miaka 19. Kila ninachofanya kwa siku nzima ni kitu ninachokijua tayari. Nani atanicheka? Nikamwambia aende darasani, nami nikabaki na swali lake kama mfupa wa samaki kooni.

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta jambo nisilolijua hata kidogo, nilianze mbele za watu. Nilikuwa nimeona picha za watoto wa Kibera wakicheza baleti ndani ya darasa la kawaida, madawati yamesukumwa kando, wakifundishwa na Mwalimu Mike Wamaya. Picha hizo zilienea duniani kote. Nikajiambia, kama inawezekana kwenye sakafu ile, basi mimi nina kisingizio gani? Makala haya ni ya yeyote, mwalimu, mzazi au wewe utakayemaliza shule karibuni, atakayetaka kuanza baleti akiwa mtu mzima. Nitaeleza nilivyojiandaa, na pia nilivyokosa kujiandaa.

BALETI NI KITU GANI?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Sisi huandika baleti, lakini wenyewe hutamka "bale", t ikimezwa. Ni densi iliyochipuka katika majumba ya wafalme na watawala wa Italia, kisha ikakomaa Ufaransa. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliipenda mno. Mwaka 1653, akiwa kijana, yeye mwenyewe alicheza jukwaani akiwa amevalia kama Jua, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha densi jijini Paris. Mwalimu wake, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kuwa alipanga mikao mitano ya miguu ambayo hufundishwa hadi leo. Ndiyo maana maneno ya baleti ni ya Kifaransa, uwe unajifunza Nairobi, Moscow au Tokyo.

Wanachama wenzangu, sisi tunaojua arudhi tusiogope jambo hili. Shairi letu la jadi lina vina, mizani, mishororo na vipande. Baleti nayo ina mikao mitano, pande zake na hesabu zake. Mshairi hawezi kuibuka tu akatunga utenzi bila kujua mizani, na mchezaji hawezi kuruka kabla ya kujua kusimama. Somo la kwanza la baleti, kwa kweli, ni somo la kusimama.

Na je, umri? Wengi hudhani ni mchezo wa vitoto vya miaka mitano. Ni kweli kwamba anayetaka kuwa mchezaji wa kulipwa huanza mapema. Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa Kuwinda hapa Nairobi, alijifunza akiwa mvulana na hatimaye akaenda kusomea densi hiyo London. Mimi siendi London. Mtu mzima hujifunza kwa ajili ya mwili wake na furaha yake, na hilo halina tarehe ya mwisho. Kule Uingereza, Royal Academy of Dance, iliyoanzishwa mwaka 1920, ina mpango maalumu uitwao Silver Swans kwa watu wa kuanzia miaka 55. Kumbe mimi bado ni mtoto!

WIKI CHACHE KABLA

Jambo la kwanza ni kuchagua darasa. Uliza waziwazi: "Je, hili ni la watu wazima ambao hawajawahi kabisa?" Madarasa mengine huitwa ya wanaoanza lakini waliomo wana miaka miwili ya mazoezi. Ukijitosa humo utajiona mjinga bure. Ikiwezekana, omba uketi kando utazame somo moja kabla ya kulipa. Mimi nilifanya hivyo, nikaona wanawake wa rika langu na wanaume wawili, mmoja ana kipara. Moyo ukatulia.

Pili, tazama sakafu. Sakafu nzuri ya densi ni ya mbao zilizopangwa ili zinyumbulike kidogo mtu anapotua, na mara nyingi hutandikwa juu yake zulia jembamba la plastiki lisiloteleza. Saruji tupu hainyumbuliki. Ukiruka juu yake, kishindo chote hurudi kwenye miguu, magoti na mgongo wako. Mtoto wa miaka minane anaweza kuvumilia. Wewe na mimi tutajua kesho yake. Kama ukumbi ni wa saruji, mwulize mwalimu kama mtaruka au la.

Tatu, mwili. Mume wangu aliposikia habari hii aliuliza swali moja tu: "Na yale magoti, mama watoto?" Alikuwa na haki. Ukiwa na maumivu ya goti, mgongo au kifundo cha mguu, au una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, zungumza na daktari kwanza. Kisha mwambie mwalimu wa densi kabla somo halijaanza. Hiyo si aibu. Mwalimu asiyejua goti lako ni bovu hawezi kukukinga.

Nne, mazoezi madogo ya nyumbani. Nilijipa majuma matatu, na hayakunigharimu hata ndururu. Asubuhi nikipiga mswaki nilisimama kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, kisha mwingine. Mwanzoni niliyumba kama mlevi, hatimaye nikatulia. Nikiwa jikoni, nilishika ukingo wa sinki nikainua visigino polepole na kuvishusha polepole, mara kumi. Hilo huimarisha misuli ya nyuma ya miguu, ambayo ndiyo mbeba mizigo katika baleti. Jioni nilisimama mgongo ukigusa ukuta, nikakunja magoti kidogo bila kuinua visigino na bila kuinama, kisha nikanyooka. Ukifanya hayo hutakuwa mchezaji, lakini siku ya kwanza miguu haitakushangaa sana.

MAVAZI NA VIATU

Hapa ndipo watu wengi hutishika. Wanadhani watadaiwa lile vazi lenye marinda yaliyosimama kama uyoga. La, hasha! Hilo ni la jukwaani. Darasani la wanaoanza, mwanamke anaweza kuvaa taiti nyeusi na fulana isiyo pana. Mwanamume avae suruali laini ya mazoezi na fulana. Sababu ya kutovaa mapana ni moja: mwalimu anahitaji kuona magoti na nyonga zako. Ukijifunika kwa fulana kama gunia, kosa litajificha humo, nawe utalirudia mpaka liwe mazoea. Nywele zifungwe zisikuzibe macho. Hereni ndefu, bangili na saa viache nyumbani.

Viatu vya kuanzia ni laini, vya ngozi au turubai, vyepesi kama soksi. Vinapaswa kubana mguu pasipo kukunja vidole. Ukinunua vikubwa ukisema "nitakua navyo", kama tulivyonunuliwa viatu vya shule, vitakutega. Raba za kukimbilia hazifai kwa sababu soli yake nene huzuia unyayo kujikunja na kuigusa sakafu. Soksi tupu nazo huteleza juu ya mbao, kwa hiyo usizitumie kabla ya kumwuliza mwalimu. Vyangu nilivichakura kwenye mitumba Gikomba, vilikuwa vimetumika kidogo tu. Muuzaji mwenyewe hakujua ni vya nini. Alidhani ni vya kulalia!

Viatu vingi huja na utepe wa mpira ambao haujashonwa. Usiupeleke hivyo darasani. Kunja sehemu ya kisigino iingie ndani ya kiatu. Pale panapotokea pembe za mkunjo, kila upande, ndipo pa kushonea utepe, ili upite juu ya unyayo na kushika mguu. Uzi mdogo wa mbele ukishaufunga, uchomeke ndani usining'inie. Na kata kucha za vidole vya miguu usiku wa kuamkia siku hiyo. Ni jambo dogo, lakini kiatu kinachobana na kucha ndefu havipatani.

Je, vile viatu vya kusimamia ncha za vidole? Sahau kwa sasa. Mbele vina boksi gumu la vitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na uzito wote wa mwili hushukia hapo. Marie Taglioni alipata sifa kubwa Paris mwaka 1832 alipocheza hivyo katika onyesho la La Sylphide, lakini alikuwa amefanya mazoezi makali kwa miaka mingi. Anayevivaa bila vifundo na misuli iliyo tayari anatafuta kuvunjika. Mwalimu akikuvalisha siku ya kwanza, ndugu yangu, chukua mkoba wako uende nyumbani.

SIKU YENYEWE

Siku ya siku ikawadia, siku ya Jumamosi. Somo lilikuwa saa nne asubuhi. Kosa langu la kwanza nilikuwa nimelifanya mezani: nilikunywa chai kwa viazi vitamu vitatu nikisema nitahitaji nguvu. Usiige. Kula chakula chepesi kama saa mbili kabla, kwa mfano ndizi na kipande cha mkate, na uchukue chupa ya maji. Tumbo lililojaa na magoti yanayokunjwa ni maadui wakubwa.

Kosa la pili lilikuwa matatu. Nilipanga kufika dakika kumi na tano kabla, lakini msongamano wa Thika Road haujui mipango ya mtu. Nilifika saa nne kasoro dakika mbili, natweta. Mlangoni niliona ukuta mzima wa kioo, na ndani yake mwanamke mnene kiasi, mvi mbili tatu, amebeba mfuko wa plastiki. Nilitaka kumpisha. Kumbe ni mimi! Nakuambia kweli, nusura nigeuke nirudi stendi. Nilisimama pale nikikumbuka yule msichana alivyosimama mbele ya gwaride, peke yake, macho mia nane yakimtazama. Mimi nilikuwa mbele ya watu kumi na wawili. Nikavua viatu nikaingia.

Ungefika mapema ungefanya mambo matatu ambayo sikuyafanya. Mosi, ungemsalimu mwalimu na kumwambia wewe ni mgeni na goti lako linauma. Pili, ungezima simu na kupasha mwili moto kwa kutembeatembea na kuzungusha vifundo. Tatu, na hili liandike kwenye kiganja, ungechagua nafasi ya katikati. Nitaeleza sasa hivi kwa nini.

BAA, TANDU NA SOTE

Mwalimu, kijana mpole wa Kikenya, alipiga makofi akasema, "Haya, twendeni kwenye baa." Msicheke. Katika baleti, baa ni ile fito ndefu ya kushikilia, iliyo usawa wa kiuno hivi, ama imefungwa ukutani ama inasimama kwa miguu yake. Yetu ilikuwa ya mabomba ya chuma, ya kuhamishika. Nusu ya kwanza ya somo hufanyiwa hapo. (Jumatatu yake Mwalimu wa Hisabati aliniuliza majilisini nilikuwa wapi Jumamosi, nikajibu bila kufikiri, "Nilikuwa baa saa nne asubuhi." Kimya kilichofuata sitakisahau.)

Baa haishikwi kwa nguvu kama mlingoti wa matatu. Mkono huwekwa juu yake kwa wepesi, kiwiko kikiwa kimelegea mbele kidogo ya mwili. Ukiiegemea, unaifundisha miguu yako uvivu. Kwanza mkono wa kushoto hushika, mguu wa kulia hufanya kazi. Kisha wote hugeuka, na mguu wa kushoto hupata zamu yake. Sasa unaona umuhimu wa kusimama katikati? Ukiwa katikati, upande wowote mtakaogeukia kuna mtu mbele yako wa kumwiga. Mimi mchelewaji nilipewa mwisho wa fito. Mkigeuka, wa mwisho huwa wa kwanza, na hiyo si ahadi njema kwa mgeni.

Mkao wa kwanza ni huu: visigino vinagusana, vidole vinaelekea nje. Hapa ndipo watu wazima huumia. Tunaona kwenye picha miguu iliyonyooka mstari mmoja, tunaisukuma nyayo zetu ziwe vivyo. Lakini mzunguko ule hautoki kwenye unyayo; unatoka kwenye nyonga. Nyonga ina kiungo cha duara kinachozunguka, ilhali goti kwa sehemu kubwa hukunjika na kunyooka kama bawaba ya mlango. Ukizungusha nyayo kuliko nyonga zinavyoruhusu, goti ndilo linalopotoshwa katikati. Kwa hiyo fungua kiasi unachoweza, hata kama ni umbo la kipande kidogo cha chungwa. Kipimo ni hiki: ukikunja magoti, kila goti lielekee juu ya vidole vya mguu wake, lisiangukie ndani.

Huko kukunja magoti ndiko kuitwako pliye, nako ndiko chanzo cha kila kitu. Ni kukunja kwa utulivu, mgongo wima, visigino vikibaki chini, kisha kunyooka polepole. Kuinuka juu ya vidole ni releve. Nilishukuru sinki la jikoni kwangu!

Kisha mwalimu akatangaza, "Sasa tandu." Niliruka kando, nikatazama sakafuni. Sisi tuliolelewa mashambani tunaijua tandu na sumu yake. Kumbe kwa Kifaransa neno hilo maana yake ni kunyoosha: unateleza unyayo sakafuni, kisigino kinaachana na sakafu kwanza, halafu kiganja cha mguu, mpaka ncha za vidole tu ndizo zinazogusa, kisha unarudi kwa njia ileile. Hufanywa mbele, pembeni na nyuma. Tandu halisi ana miguu mingi mno na hajikanyagi. Mimi ninayo miwili, na ilinishinda kuihesabu.

Baada ya baa, mnakuja katikati ya ukumbi bila cha kushika. Mnafanya mikono, mnajaribu kusimama kwa mguu mmoja, mnatembea kwa mpangilio. Karibu na mwisho mwalimu aliita, "Sote!" Nikajua anatuita sisi sote, nikamsogelea. Wenzangu wakaruka. Kumbe sote ni kuruka: unakunja magoti, unaruka kwa miguu yote miwili, unatua ukianzia vidole, halafu kiganja cha mguu, halafu kisigino, na magoti yakikunjika tena kupokea uzito. Ukitua kimya umefanya vyema. Ukisikika kama gunia la mahindi linaloshushwa kwenye lori, magoti hayajakunjika.

Mwisho kabisa huja reverensi, kuinama kwa heshima kumshukuru mwalimu, kisha makofi. Hili lilinigusa. Ni kama shikamoo ya mwili. Wakubwa kwa wadogo tulimwinamia kijana ambaye ningeweza kumfundisha Kidato cha Kwanza, kwa sababu pale yeye ndiye aliyekuwa akijua.

KICHEKO

Sasa nirudi kwenye baa, maana nimekuficha jambo. Tulipomaliza tandu za mguu wa kulia, tuligeuka. Mimi wa mwisho nikawa wa kwanza, mbele yangu kuna ukuta tu. Muziki ukaanza. Nilitakiwa kutumia mguu wa kushoto, ule ulio mbali na fito. Nikatumia wa kulia. Mbele, salama. Pembeni, lahaula! Mguu ulikutana na bomba, "ng'aa!" Fito nzima ikayumba na watu watano walioishika wakayumba nayo. Binti mmoja nyuma yangu akaangua kicheko, yule wa kipara akafuata, kisha chumba kizima.

Uso uliniwaka moto. Masikio yalivuma. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatazama saa ya ukutani, sijui kwa nini, labda nikitafuta pa kuweka macho. Ilikuwa saa tano kasorobo. Mwalimu hakusimamisha muziki. Alisema tu, "Mguu mwingine, Mama. Na tano, na sita..." Nikabadilisha mguu. Tulipofika hesabu ya nane, kila mtu alikuwa amekwisha rudi kwenye tandu zake, akiwa amekaza macho kwenye vidole vyake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuendelea kunicheka. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake.

Nataka niseme ukweli hapa. Nilipokuwa nikiwaambia wanafunzi "usijali kuchekwa", nilikuwa nikisema kama mtu anayeelezea maji ya bahari kwa kusoma kitabu. Kuchekwa kunauma. Kunauma hata ukiwa na miaka 43, na cheti, na watoto watatu. Lakini maumivu yale yana urefu wake, nami niliupima: yalidumu takriban hesabu nane za muziki. Yaliyozidi hapo ningejiongezea mwenyewe kwa kukimbia.

BAADA YA SOMO

Usiende kuketi mara moja kwenye matatu ukiwa na jasho. Tembea kidogo, nyoosha misuli ya nyuma ya miguu polepole, kunywa maji, vaa sweta. Kesho yake au kesho kutwa misuli ya mapaja na miguu itauma, hasa ukishuka ngazi. Hayo ni ya kawaida kwa mwili uliopewa kazi mpya, na huisha yenyewe baada ya siku chache. Lakini maumivu makali ya ghafla, au uvimbe kwenye kiungo kama goti au kifundo, ni habari nyingine. Hapo acha mazoezi, pumzika, na ukaonwe na mganga.

Usijipime kwa somo moja. Katika somo la kwanza sikushika hata robo. La nne, nilijua kulia na kushoto. La kumi, nilitua kimya mara moja, nikatazama huku na huku kama kuna aliyesikia kwamba hapakusikika kitu.

Jumatatu baada ya somo la kwanza, nilimwita tena yule msichana. Alikuja akidhani nitamhutubia. Nikamwambia, "Uliniuliza nilichekwa lini mara ya mwisho. Jibu ninalo. Jumamosi, saa tano kasorobo." Nikamsimulia yote, na bomba, na yule wa kipara. Alijaribu kuzuia kicheko akashindwa, akacheka mpaka machozi, nami nikamwacha acheke. Kisha akanyamaza, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa ulifanya nini, Madam?"

"Nilibadilisha mguu," nikamjibu.

Hakusema kitu. Siku ya kufunga muhula aliomba nafasi, akapanda jukwaani na shairi lilelile. Ubeti wa pili ulimponyoka tena, kweli tena, na huko nyuma wakaanza kucheka. Nilimwona akitazama chini, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Halafu akaanza ubeti ule upya, akamaliza beti zote saba.

Basi msomaji wangu, kama unawaza kuanza, jambo lako la kwanza ni hilo la kumwuliza mwalimu kuhusu darasa na kutazama somo. Viatu vibane, viazi vipungue, usimame katikati ya baa. Na siku mguu wako utakapopiga bomba, maana utapiga, tazama saa. Ukirudi uje utuambie chamani ilikuwa saa ngapi.

Kwa hayo machache nasema, tukijaliwa tuonane katika toleo lijalo. Wino wa kalamu yangu umekauka, na Jumamosi nina somo.